Wimbo mmoja kwa siku, pamoja na sababu yake

Kutoka: Coventry

Ndugu wanajumuiya wa hapa Uingereza,

Salamu kwenu nyote, na kwa mliokuwa zamu ya usiku, poleni na kazi.

Katika mkutano uliopita lilitolewa pendekezo kwamba kila siku mmoja wetu awapelekee wenzake, kwenye kundi letu la simu, wimbo mmoja anaoupenda, na wengi waliliunga mkono haraka kiasi kwamba haukubaki muda wa kujadili namna ya kulitekeleza. Naomba nilijadili hapa kwa maandishi, kwa sababu tukiliacha lijiendee, baada ya wiki chache tutabaki na mrundikano wa viungo vya YouTube ambavyo hakuna anayevifungua. Hoja yangu ni moja tu: wimbo uje na sababu yake, na asiye na sababu ya kueleza asubiri zamu nyingine.

Mliokulia na redio mtakumbuka kwamba jambo hili si geni kwetu. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam na za Sauti ya Kenya, msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika jina lake na mahali alipo, akaorodhesha kwa mwandiko wa kubanana majina ya wote aliotaka salamu ziwafikie, kuanzia shemeji wa Kigoma hadi mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu, na mara nyingi akamalizia na ujumbe na wimbo anaouomba. Mtangazaji aliyasoma hayo yote kabla ya sahani ya santuri kuanza kuzunguka. Wimbo ulipopigwa, uliusikiliza ukijua umetoka kwa nani, unakwenda kwa nani na umebeba neno gani, na hata kama ulikuwa umepigwa mpaka ukachosha, siku hiyo ulikuwa na mwenyewe. Kiungo kinachotupwa kwenye kundi saa nane za usiku bila neno lolote hakina mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mapenzi ya mambo ya zamani tu. Basi nitoe sababu ya pili, inayotokana na kazi tunazozifanya. Wengi wetu hapa Uingereza tunafanya kazi katika nyumba za kulelea wazee, na tunajua kwamba siku hizi mzee mwenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, huandaliwa orodha ya nyimbo zake. Ipo asasi ya hisani huko Scotland, Playlist for Life, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mtangazaji Sally Magnusson baada ya kumuuguza mama yake aliyekuwa na maradhi hayo. Kazi yake ni kuhimiza kila mgonjwa awe na orodha ya nyimbo zilizofungamana na maisha yake mwenyewe, si muziki wowote unaodhaniwa kuwa ni wa wazee. Aliyewahi kumwona mtu asiyelikumbuka jina la bintiye akiumalizia ubeti mzima wa wimbo wa ujanani mwake, bila kukosea mpangilio wa maneno, hahitaji kushawishiwa zaidi. Wachunguzi wa kumbukumbu wanaeleza kwamba mambo tuliyoyaishi takriban kati ya umri wa miaka 10 na 30 ndiyo yanayong'ang'ania akilini kuliko mengine, na nyimbo za kipindi hicho zimo.

Sasa tufanye hesabu. Mzazi aliyezaliwa mwaka 1950, nyimbo zake ni za kati ya 1960 na 1980: Fadhili William na Daudi Kabaka kule Nairobi, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Simba Wanyika ya ndugu wawili wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja nyimbo 5 ambazo baba au mama angezitambua hata akisahau kila kitu kingine? Wazee wa watu tunawaandalia orodha kwa uangalifu, tena kwa mshahara, ilhali wazee wetu wenyewe, walio nasi hapa na walioko nyumbani, hatujawahi kuwauliza. Siku orodha itakapohitajika, atakayekaa kando ya kitanda huenda akawa mlezi kijana wa Kiingereza au wa Kifilipino, mwenye nia njema kabisa, ambaye hana namna ya kubahatisha bendi iliyopiga siku bibi huyu alipofunga ndoa Mombasa. Na sisi nasi tunazeekea hapa hapa, ingawa katika mazungumzo yetu kila mtu bado anarudi nyumbani mwakani.

Watoto nao wana fungu lao. Baadhi yao wamefundishwa shuleni kuimba Malaika, wakauchukulia kuwa ni wimbo wa kubembelezea watoto wachanga kwa sababu ya upole wa sauti yake. Anayeimba ni kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Mzazi akiandika hilo kwa sentensi mbili, kisha akaeleza jinsi suala la mahari lilivyokwenda alipooa yeye mwenyewe, mtoto atakuwa ameijua habari ambayo asingeipata katika somo lolote la Kiswahili la Jumamosi.

Kuhusu utaratibu, napendekeza haya. Jina la wimbo liandikwe, pamoja na la mwimbaji na la bendi, kwa kuwa viungo hufa, na wanaopandisha nyimbo za zamani kwenye intaneti mara nyingi huzipa majina yasiyo yake. Tusitume mafaili ya video, maana ndugu zetu wa nyumbani tuliowaunganisha kwenye kundi hununua bando kwa kudunduliza, na video moja huweza kulimaliza. Saa za kutuma ziwe za jioni kwa saa za huku, ila tukumbuke kwamba Afrika Mashariki iko mbele yetu kwa saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi. Na wanaoishi kwenye nyumba zenye kuta nyembamba watumie visikizio kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, kwa sababu muda huo sheria ya kelele za usiku inaipa halmashauri uwezo wa kuchukua hatua jirani akilalamika.

Naomba maoni.

Kutoka: Leicester

Kaka wa Coventry, ahsante kwa barua yako. Nakubaliana na sehemu kubwa ya uliyoyasema, lakini hilo la kumdai kila mtu sababu naomba ulipunguze makali.

Katika kundi letu wamo watu ambao wimbo wanaoupenda kuliko zote ni wimbo waliousikia na mume waliyeachana naye, au na mtoto waliyemzika. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aandike sababu yake mbele ya watu wote, wakiwemo mashemeji zake, ama atadanganya ama hatashiriki. Mimi nadhani inatosha mtu aseme wimbo huu aliusikia Zanzibar mwaka fulani, akaishia hapo, na mengine akamwandikie binti yake pembeni. Ile orodha ya uzeeni uliyoieleza ni ya nyumba ya mtu, si lazima sote tuisome.

La pili ni uandishi wenyewe. Mama zetu walio humu hawapendi kuchapa maneno kwenye simu, na wengine herufi ndogo hawazioni. Tukubali ujumbe wa sauti. Mama yangu mzazi akipewa kipaza sauti hataishia kwenye sentensi chache, hilo nawaonya mapema.

La tatu, wapo wasiosikiliza nyimbo za kidunia, kwa imani yao, na wameniuliza kama mpango huu ni wa muziki wa dansi peke yake. Nimewajibu kwamba kaswida ni wimbo na kwaya ni wimbo. Mimi zamu yangu ikifika nitaleta Kwetu Pazuri wa Ambassadors of Christ, kwaya ya Kigali ambayo imeimba kwa Kiswahili na kupendwa na watu wasioijua Rwanda hata kwenye ramani. Sababu yangu naitoa bila shida: niliusikiliza kila asubuhi ndani ya basi katika mwaka wangu wa kwanza hapa, wakati sikuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na ndio ulioniwezesha kushuka kituoni na kuingia kazini.

Nina swali vilevile. Tukitaka nyimbo za mwezi mzima zipigwe ukumbini siku ya mkutano, je, kuna kibali cha kulipia?

Kutoka: Sheffield

Ndugu zangu, mimi ni mzee kidogo kuliko wengi mnaoandika hapa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikienda polepole.

Nimeisoma hesabu ya kaka wa Coventry kuhusu umri wa miaka 10 hadi 30, nikawafikiria vijana wetu tuliotoka Kongo ya mashariki. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996. Kijana aliyezaliwa mwaka 1990, akaingia kambini akiwa mtoto na kutoka akiwa mtu mzima, nyimbo zake zote za umri huo ni za huko. Nyingi kati ya hizo hazimo YouTube wala kwenye sahani yoyote. Zilitungwa na kwaya za kambini, zikapigiwa ngoma za madumu na gitaa lenye nyaya za kuazima, na waliozitunga leo wametawanyika Marekani, Australia, Norway na hapa. Mtu huyo atatuma kiungo gani?

Ombi langu ni kwamba asiye na kiungo aimbe mwenyewe. Aiwashe simu, aimbe ubeti mmoja hata kwa sauti mbovu, aseme umetungwa na kwaya gani na waliuimba katika tukio gani, kisha atume. Nyimbo hizo zisipohifadhiwa na sisi hakuna mwingine atakayezihifadhi, na nina hakika kwamba mara wa kwanza atakapotuma, wawili au watatu watajitokeza wakiwa na ubeti wa pili. Kwa hili dada wa Leicester amenisaidia sana alipotaja ujumbe wa sauti.

Sikubaliani na wazo nililolisikia mkutanoni kwamba nyimbo ziwe za kuchangamsha tu. Mimi nitaleta Kifo, wake Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, kwetu Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na mpaka alipofariki mwaka 2010 Watanzania walikuwa wanamhesabu kuwa ni wao, nasi hatujaacha kumhesabu kuwa ni wetu. Katika wimbo huo anasema na kifo chenyewe, akilalamika jinsi kinavyotwaa watu, na gitaa likiendelea kuchezesha. Kila tunapochangishana ili kusafirisha mwili wa mwenzetu kwenda nyumbani, baada ya kwenda kwa mzishi na ubalozini na kwenye shirika la ndege, mimi huwasha wimbo huo nikiwa peke yangu jikoni. Sijui kwa nini unanipumzisha kuliko zile za kufariji. Mkiona haufai kwa siku ambayo kuna msiba, nitasubiri wiki ipite, kwa sababu hilo ni jambo la adabu na mngenikumbusha hata nisingeuliza.

Kutoka: Coventry

Shikamoo mzee wa Sheffield, na dada wa Leicester, shukrani.

Nimekubali ujumbe wa sauti, nimekubali mtu aimbe mwenyewe, na kuhusu sababu nimeridhika ziwe fupi kadiri mtu atakavyo, mradi neno moja liwepo la kutuambia wimbo umetoka wapi. Hilo la mwisho siliachii.

Kuhusu ukumbi: muziki wa sahani au wa simu ukipigwa mahali pa mkusanyiko wa watu, kwa kawaida inatakiwa leseni inayoitwa TheMusicLicence, inayotolewa na kampuni ya PPL PRS. Kumbi nyingi za jumuiya tayari zinayo, kwa hiyo katibu amwandikie mwenye ukumbi na kuuliza kama inahusu shughuli yetu, na jibu alipate kwa maandishi kabla hatujalipa amana. Nyumbani kwa mtu, na familia yake, leseni haihitajiki.

Naanza mimi. Wimbo wangu ni Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, ambamo Watanzania na Wakenya walipiga pamoja. Mimi ni wa Tanga na mke wangu ni wa Nakuru, na siku ya harusi yetu pande mbili zilibishana juu ya kila kitu kuanzia pilau hadi mpangilio wa hotuba, isipokuwa wimbo huu, ambao kila upande uliamini ni wa kwao. Mjomba peke yake ndiye aliyepinga, akisema wimbo wa mtu anayekana kosa la mapenzi haufai kuchezwa na bwana harusi, na mama akamwambia akae chini ale.

Zamu ya Jumatatu ni ya Leicester na ya Jumanne ni ya Sheffield. Waliobaki wampe katibu majina yao kabla ya Ijumaa, na wenye wazazi nyumbani wawapigie simu wikendi hii kuwauliza nyimbo zao.