Tunalipia ufuatiliaji wa seva kila robo mwaka, pawa saplai imekufa hakuna aliyejua, na logi wameifuta!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Mimi ni mtu wa mifumo kwenye SACCOS moja, siitaji jina, na mzabuni wetu naye simtaji kwa sababu barua bado zinaenda na kurudi. Ila haya aliyotufanyia naamini yapo kwenye ofisi nyingi, watu wanasaini tu fomu na kuendelea na kazi.

Seva yetu kuu ina pawa saplai mbili, yaani vifaa vinavyoiletea umeme. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo, unabadilisha mbovu bila kuzima kitu. Ndiyo sababu tulizilipia mbili. Mwanzoni mwa Januari, wiki ambayo wanachama wanamiminika kuchukua hela za ada, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, seva ikazima na haikuwaka tena. Kwenda nyuma ya raki, kabati la seva, tukakuta pawa saplai moja imeungua muda huo huo, bado inanuka. Ya pili ilikuwa imekufa zamani, vumbi limegandamana kwenye feni ambayo haijazunguka kwa muda mrefu. Kwa hiyo kwa kipindi chote hicho tulikuwa tunaendesha akiba za watu kwa pawa saplai moja, na hakuna mtu aliyeambiwa.

Foleni ilikaa mpaka jioni. Kulikuwa na mama ameshika fomu ya mwanae ya kujiunga kidato cha kwanza, kila baada ya muda anamfuata keshia kumuuliza kama mtandao umerudi. Mtandao ulikuwepo tangu asubuhi, mama yangu. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma mstari mmoja wa logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine.

Kwa wasio wa fani hii, nieleze kidogo. Ndani ya seva nyingi kuna kompyuta ndogo inayojitegemea, inaitwa BMC. Ina umeme wake wa akiba na inafanya kazi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, alimradi waya uko ukutani. Kazi yake ni kuangalia joto, feni, volti, memori na pawa saplai, na kila tukio inaliandika kwenye daftari lake, yaani SEL. Utaratibu wa kuzungumza nayo ni IPMI, ambao Intel, HP, Dell na NEC waliutoa mwaka 1998, kwa hiyo si jambo la jana wala la majaribio. Daftari hilo ni dogo. Kila tukio lina baiti 16, nafasi ina kikomo, na kwenye mashine yetu likijaa, BMC inaacha kuandika. Basi. Tukio jipya linapotea.

Ndiyo maana upande wa Linux, mfumo endeshi wa seva, inawekwa daemoni, programu inayokaa nyuma muda wote na kusoma SEL, kisha kila tukio jipya inalipeleka syslog, mkusanyo wa logi wa Linux, ili mtu alione. Kwetu waliweka ipmievd, inayokuja pamoja na ipmitool, zana ya amri za kuzungumza na BMC. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Msipoigusa, inachungulia SEL kila sekunde 10, na daftari likifika asilimia 80 inaonya lisafishwe. Ilifanya kazi yake yote. Waliofeli ni watu.

Sikilizeni sasa. ipmievd inaandika syslog kwa njia ya local4, mojawapo ya mikondo ya kugawia ujumbe. Seva hiyo hiyo ina OpenLDAP kwa ajili ya kuingia kwa wafanyakazi, na slapd, programu yake, nayo, usipoibadilisha, inaandika local4. Fundi wa mzabuni aliona makelele ya slapd yanamjazia /var/log/messages, faili kuu la logi, akaweka local4.none pale ili local4 isiandikwe humo, na local4 yote akaielekeza kwenye faili la LDAP. Faili hilo halisomwi na mtu, halitumwi popote, halina alama ya hatari. Kuanzia siku hiyo kila tahadhari ya vifaa vya seva yetu ilikuwa inazikwa katikati ya maelfu ya mistari ya watu kuingia na kutoka kwenye mfumo.

Niliyatoa humo mwenyewe kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Kwanza memori moja ilianza kutoa makosa ya ECC, yaani ya data ndani ya memori, yale yanayosahihishika, mstari juu ya mstari, usiku na mchana. Memori ya namna hiyo haizimi seva, ila inaandika SEL bila kupumzika. Halafu yakaanza maonyo kwamba nafasi inakwisha. Halafu onyo kwamba daftari limejaa na hakuna kitakachoandikwa mpaka lisafishwe. Baada ya hapo kimya, hakuna mstari hata mmoja wa ipmievd. Ile pawa saplai iliyotangulia kufa ilikufa ndani ya ule ukimya. BMC haikuwa na pa kuandika, na daemoni haikuwa na cha kusoma.

Na kipindi chote hicho mzabuni alikuwa anakuja kila robo mwaka na fomu yake ya matengenezo. Ninazo zote. Kipengele cha ufuatiliaji kimewekewa vema, na ushahidi waliobandika ni picha ya skrini ya systemctl, amri ya kuangalia kama programu iko hai, ikionyesha rangi ya kijani, active (running). Hicho tu! Programu kuwa hai ndiyo wanaita ufuatiliaji! Fundi anatoka na gari la ofisi, anafika kwenye kibodi, anapiga picha rangi ya kijani, anaondoka, na ankara inafuata. Angeandika ipmitool sel info angeona asilimia iliyotumika na kama daftari limefurika, majibu yanakuja papo hapo. Angezunguka nyuma ya raki angeona taa ya pawa saplai. Hakufanya hata moja kati ya hayo, robo baada ya robo, na sisi tukalipa.

Linaloniumiza zaidi ni lililofuata. Asubuhi ya matengenezo fundi wao alisaini kitabu cha wageni saa 3 kamili. Akafunga pawa saplai ya kuazima, seva ikawaka, tukamshukuru. Alipoondoka nikaingia kuangalia SEL, nikaikuta tupu. Ameifuta. Hakuihifadhi popote, ilhali amri ya kuihifadhi kwenye faili ni fupi tu, ipmitool sel save. Tulipouliza, ofisi yao ikajibu kwa barua kwamba "hakuna hitilafu iliyorekodiwa na mfumo". Sasa BMC ina tabia moja ambayo huenda fundi hakuijua: inakumbuka muda wa mara ya mwisho kufutwa. Kwetu ilionyesha 06:41 ya siku hiyo. Saa ya BMC ilikuwa imewekwa UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo ni saa 3 na dakika 41 asubuhi, fundi akiwa ndani ya chumba cha seva. Nimewaandikia hivyo hivyo na nakala ya kitabu cha wageni nimeambatisha. Hawajajibu hoja hiyo mpaka leo.

Mtauliza kwa nini naishikilia. Ni hela. Waranti ya zile pawa saplai iliisha Desemba. Muuzaji wa vifaa anasema, na kwa upande wake ana haki, tuthibitishe kwamba ile iliyotangulia ilikufa kabla ya waranti kuisha, atatubadilishia. Tunathibitisha kwa nini? Daftari lilijaa kwa sababu hakuna aliyelisafisha, lililobaki ndani yake limefutwa, na tarehe ya kifo cha ile pawa saplai haipo duniani. Tunanunua mpya kwa hela za wanachama, akiwemo yule mama.

Mzabuni anatuambia eti suluhisho ni tununue kifurushi chake cha ufuatiliaji cha bei ya juu. Hapana. Suluhisho halina gharama hiyo. Mimi tayari nimeitenganisha ipmievd na slapd kwenye rsyslog, programu inayogawa mistari ya syslog, kwa jina la programu, mistari yake inakwenda kwenye faili lake na nakala inatumwa seva nyingine, maana logi inayokaa ndani ya mashine iliyokufa haikusaidii siku mashine hiyo ikifa. Asiyeipenda ipmievd atumie ipmiseld ya FreeIPMI (mkusanyiko mwingine wa zana za IPMI), ambayo unaweza kuipangia isafishe SEL yenyewe ikifika asilimia unayoitaka, baada ya matukio kuwa yameshaandikwa kwenye syslog. Memori mbovu nimeitoa.

Ninachotaka kwenye mkataba mpya ni jaribio la kweli mbele ya macho yangu kabla sijasaini fomu yoyote. ipmitool event 1 inatengeneza tukio la mfano la joto kupita kiasi, event 3 inatengeneza kosa la ECC. Fundi aiandike, kisha sote tusubiri ujumbe ufike kwenye simu ya mtu wa zamu. Usipofika, robo hiyo hailipwi. Na SEL isifutwe kabla haijahifadhiwa na kukabidhiwa kwetu. Mwanasheria wetu ananiambia vipengele vya namna hii "si vya kawaida" na mzabuni atavikataa.

Kwa hiyo wakuu, mwenye mkataba wa matengenezo uliowekewa jaribio la tukio au katazo la kufuta logi, naomba aweke hapa maneno ya kifungu chenyewe, majina ya kampuni ayafiche. Kikao cha kuhuisha mkataba ni mwisho wa mwezi huu na mimi nakwenda na zile fomu zote.