Leso za mfukoni za maikrofaiba zimekataa kunyonya jasho

Abiria_wa_Kayole: Hamjambo wadau. Nilinunua leso sita za mfukoni pale Kamukunji. Mwanzoni zilikuwa safi sana: unapanguza uso mara moja ndani ya matatu iliyofungwa madirisha, jasho kwisha. Siku hizi zinalihamisha tu kutoka kwenye paji hadi shavuni. Jana nilidondoshea moja tone la maji, likabiringika kama liko juu ya jani la nduma. Mama fua huzifua pamoja na taulo, anasuuza kwa softena (ile ya kulainisha nguo), halafu anazipiga pasi. Moja imeota baka gumu linalong'aa. Nifanyeje?

Shosh_Mdogo: Mimi nimeona "leso" nikaja mbio nikijua ni za kujifunga 😂 Sema hankachifu, ndugu yangu.

FundiNguo: Adui ni hiyo softena. Kitambaa hicho ni poliesta na nailoni, nyuzi nyembamba kuliko unywele, na maji hushikwa kwenye nafasi zilizo katikati yake. Softena inaacha utando, nafasi zinaziba. Loweka kwa maji ya moto ambayo mkono unavumilia, sabuni ya maji kidogo tu, fikicha taratibu, suuza mpaka povu liishe. Maji ya mwisho tia siki nyeupe, kama nusu kikombe kwa beseni. Lakini siki na Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) zisikutane kamwe, hewa inayotoka ni sumu.

Taulo nazo zitenge. Manyoya ya pamba yakishang'ang'ania humo, utayachomoa na kucha.

Mzee_wa_Ploti: Unatumia maji ya kisima? Huku kwetu ya kisima yana chumvi, na sabuni ya kipande inaganda juu ya nguo kama ugaga. Suuza na ya mvua ukiyapata.

Abiria_wa_Kayole: Ni ya kisima, mzee. Na ile yenye baka?

FundiNguo: Hiyo imeyeyuka kwa pasi, hairudi. Ifanye ya viatu. Zilizobaki anika kivulini, zinakauka upesi hata kwenye baridi ya Julai.

Shosh_Mdogo: Au nunua za pamba tu, uzichemshe upendavyo. Mafua yakija utanikumbuka.

Abiria_wa_Kayole: Nimerudi. Nimesuuza mara nne, maji ya pili bado yalikuwa na povu na sikuwa nimetia sabuni tena! Leo tone limezama papo hapo, leso tano. Mama fua nimemtengea beseni dogo. Amecheka, akaniuliza kama hizo hankachifu ni za mtoto mchanga.