Naomba ushauri: kijana wangu anapamba maharusi, mtaa umeshampa jina

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mama, nipo Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume ana miaka 22, anatunga vikuba vya asumini (vishada vya maua ya kunukia) na kupamba vyumba vya maharusi. Anaitwa mpaka Chake Chake, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Tatizo ni maneno ya barazani. Wanamwita shoga. (Neno hilo sisi wanawake tulikuwa tukiitana wenyewe kwa wenyewe, leo limekuwa tusi.) Binti wa jirani naye kwa kucheza mpira tu kaitwa msagaji. Mbona wapo wanaume wanaoshona kofia za viua, sindano mkononi kutwa, na hawaulizwi kitu? Mwanangu moyoni mwake yukoje simjui, na asumini haiwezi kuniambia. Ila naogopa. Sheria yetu Zanzibar iliongeza adhabu kwa mambo haya mwaka 2004, na uvumi ukishaenea hausubiri ushahidi.

Mjomba wake anasema aache, akavue. Bahari yenyewe inamtapisha! Sheha, kiongozi wa shehia yetu, nilimwendea awakanye vijana, akacheka.

Naomba mnisaidie mawili. Walio kwenye kazi hii, mlifanyaje maneno yakapungua bila kuacha kazi? Na akimchukua dada yake wafanye pamoja, itamkinga, au ndiyo tutakuwa tumekubali kuwa kazi ni ya wanawake?

Wa kutukana naomba apite tu.