Mdogo wangu yuko misheni ya Wamormoni, kila simu ni kulalamikia mwenza wake wa kazi. Nimwambie arudi?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri ila mnivumilie, kufupisha sijui.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, alijiunga na Wamormoni (wenyewe hilo jina hawalitaki, wanataka useme Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ukimaliza pumzi imeisha) akaomba kwenda misheni, yaani kuhubiri mlango kwa mlango. Huwa hawachagui pa kwenda, wito ukaja umetaja nchi ambayo hata lugha yake alikuwa hajawahi kuisikia, miaka 2. Mimi sio muumini wa huko ila nilimsindikiza, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Kwa Kiswahili chao anaitwa Mzee. Mzee mwenyewe ndevu bado, tulicheka sana siku ile.

Sasa ana miezi 5. Anapiga video kila wiki siku yao ya matayarisho, ndo siku ya kufua na kununua mahitaji. Mwanzoni stori zilikuwa mbwa waliomkimbiza na milango aliyofungiwa usoni. Wiki 3 hizi ni mwenza wake tu, yaani mmisionari aliyepangwa naye. Wanaishi wawili wawili, chumba kimoja, na hairuhusiwi mmoja kuwa mahali mwenzie hamuoni wala kumsikia, labda bafuni. Sasa huyo mwenza haongei. Sio mgomvi, haongei tu. Wanaamka saa 12 na nusu kimya, wanasoma maandiko kimya, wanatembea kimya, mlango wa mtu ukifunguliwa jamaa anawaka tabasamu kama taa, ukifungwa anazima. Dogo kaniambia "dada sijawahi kuwa mpweke hivi, na hata dakika 5 za kukaa peke yangu sina". Juzi akaniuliza akirudi nitamuonaje. Nikajifanya mtandao unakatakata.

Nimwambie arudi au akaze? Mama hajui na sitaki ajue.

mchokozi_mmoja: Kwani huko wanalipwa shingapi hadi ateseke hivyo?

tai_ya_zamani: @mchokozi hakuna mshahara, wao na familia zao ndo wanachangia gharama, asiye na uwezo kanisa linamsaidia.

Dada, mimi nilitumikia 2008 hadi 2010. Enzi zetu simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama basi, wiki zingine ni barua pepe, hii ya kila wiki imeruhusiwa Februari 2019. Sisemi tuliteseka kwa hiyo na yeye ateseke. Ila simu ya kila wiki ina kisa chake, mtu anakusanya machungu ya siku 7 anayatua kwako, akikata yeye huyooo anaenda kupiga mpira na wamisionari wenzake, wewe unabaki umeshika tama.

Kwa hesabu yangu huyu atakuwa mwenza wake wa kwanza baada ya mkufunzi. Wiki 12 za mwanzo unakuwa na mkufunzi, anajua njia, anajua watu, kuongea anaongea yeye. Akiondoka ndo unagundua wewe mwenyewe kuanzisha maongezi hujui. Kwa hiyo usikute kimya ni cha watu wawili na sisi tumesikia upande mmoja. Uhamisho, yaani kubadilishiwa mwenza au eneo, huwa kila baada ya wiki 6 hivi, hiyo sio ndoa.

Mimi nilikaa na bubu kama huyo. Kila wiki wenza wanatakiwa kukaa chini wapange kazi na waambiane kama kuna shida, sisi tulikuwa tunaruka hiyo sehemu ya pili. Siku nikamuuliza, nini nafanya kinakukera? Kumbe niliwahi kuiga matamshi yake mbele za watu, mimi nilisahau siku hiyohiyo, yeye kaibeba wiki 4.

Halafu swali, hizo simu anapigia wapi?

mleta uzi: Chumbani. Jamaa huwa namuona nyuma anakunja nguo

tai_ya_zamani: Umeona sasa. Kila wiki anakaa hatua 3 kutoka kwenye simu, Kiswahili hajui, ila jina lake analijua. Analisikia likitajwa mara ngapi?

mleta uzi: Eeh Mungu wangu 🙈

sista_miezi18: Nilitumikia miezi 18, sisi wanawake ndo muda wetu. Huyo jamaa tumuache kidogo, mimi namuwaza dogo. Analala? Anakula? Anacheka na chochote? Wamisionari wana kijitabu cha msongo, kimegawa hali kwa rangi, kijani, njano, chungwa, nyekundu. Muulize tu leo uko rangi gani, vijana kusema "nina huzuni" wanaona aibu ila rangi watakutajia. Akiwa njano ndo maisha ya misheni hayo. Akisema nyekundu usisubiri uhamisho. Na kila wiki anamwandikia rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa huko, aseme ukweli humo, asiandike "kila kitu kiko sawa" kama nilivyokuwa naandika mimi miezi 3 mfululizo huku nalia bafuni, maana ndo chumba pekee chenye mlango wangu.

mchokozi_mmoja: Arudi tu bana, umri unaenda

nilirudi_mwezi_wa_7: Huwa nasoma tu sichangii ila hapa nimeshindwa. Mimi nilirudi kabla ya muda, niliumwa, sio mwili. Mleta uzi, dogo hajakuuliza arudi au asirudi, kakuuliza utamuonaje na wewe ukazima mtandao. Anzia hapo. Kwetu hakuna aliyenisema, ila hakuna aliyeniuliza kitu pia, wiki 2 nzima watu wanazungumzia hali ya hewa.

mleta uzi: MREJESHO. Jana kapiga. Nikamwambia kabla hujasema lolote, ukirudi kesho nakuja kukupokea, ukimaliza miaka 2 nakuja kukupokea, na siku zote mbili nitapiga kelele ileile ya aibu. Akanyamaza, akasema "njano dada, sema inaelekea chungwa". Tumekubaliana amwandikie rais wake, na kaandika nikiwa hewani.

Halafu nikasema ageuze simu nimsalimie mwenzie. Jamaa alishtuka na soksi mkononi. Nikamuomba anifundishe kusema habari za asubuhi kwa hiyo lugha yao, nikakosea, akarudia, nikakosea, dogo akacheka, na jamaa akacheka. Tulipoagana nimemsikia anamuuliza dogo kitu, maneno marefu tu, simu ikakatika kabla sijaelewa wanaongea nini