Nchi imesaini ushuru sifuri kwa vifaa vya TEHAMA, mbona skrini zangu zimetozwa?

Mwagizaji_Mdogo: Wakuu, naomba ushauri. Nchi yangu imo katika Makubaliano ya Teknolojia ya Habari (ITA) ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), yanayofuta ushuru wa forodha kwa vifaa vya kompyuta na mawasiliano. Katika shehena yangu ya mwisho seva na ruta zilipita bila ushuru, lakini skrini zilitozwa, kisha nikalipa VAT kwa mzigo wote. Wakala ananiambia nilipe tu yaishe. Je, nina hoja ya kukata rufaa?

Mstaafu_Forodha: Ndugu, kwenye VAT huna hoja. ITA inahusu ushuru wa forodha na tozo nyingine zinazofungamana na uagizaji; kodi ya ndani, ambayo hata bidhaa iliyotengenezwa nchini huilipa, haimo.

Kwenye skrini huenda unayo. Soma namba ya HS (mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa) iliyoandikwa katika tamko lako la forodha, maana ndiyo inayoamua ushuru. Skrini iliyobuniwa kutumika na kompyuta, na inayoweza kuunganishwa nayo moja kwa moja, huwekwa 8528.52, isiyotimiza masharti hayo huangukia 8528.59, na ile ya rangi yenye kipokezi cha matangazo ya televisheni huhamia 8528.72. Ofisa hukagua namna kifaa kilivyoundwa, si nia yako ya kukitumia, na ankara iliyoandikwa "skrini" bila maelezo mengine humwachia kazi ya kukisia. Mwambatishie maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji.

Mchumi_Biashara: Naongezea. Orodha ya awali ilikubaliwa Singapore mwaka 1996, wakati skrini bapa na mashine moja inayochapa, kuskani na kunakili hazijaenea, kwa hiyo ugomvi wa namba ni wa zamani: Marekani, Japani na Taiwan ziliishtaki Jumuiya ya Ulaya kwa kutoza ushuru vifaa vya namna hiyo, na mwaka 2010 jopo la WTO likazipa haki walalamikaji. Mwaka 2015, jijini Nairobi, zikaongezwa bidhaa 201, ila upanuzi huo si wanachama wote wa ITA walioupokea. Hakikisha kwanza nchi yako ilikubali orodha ipi.

Mwagizaji_Mdogo: Nashukuru sana. Je, ni tatizo kwamba muuzaji wangu yuko katika nchi isiyosaini?

Mchumi_Biashara: Hapana, mradi nchi hiyo ni mwanachama wa WTO. Nafuu hii hutolewa kwa wanachama wote bila ubaguzi.

Mstaafu_Forodha: Wasilisha pingamizi sasa, kwa maandishi, kwa sababu muda wa rufaa huhesabiwa hata kama bado unakusanya vielelezo. Kwa shehena ijayo omba uamuzi wa awali wa forodha kuhusu namba ya bidhaa kabla mzigo haujapakiwa; Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, ulioanza kutumika mwaka 2017, unautambua utaratibu huo. Na hizo ruta zikaguliwe vyeti vya viwango vya mawasiliano mapema, maana kifaa kisichodaiwa hata senti ya ushuru kinaweza kukwama bandarini kwa kukosa cheti, huku gharama za kuhifadhi zikipanda.