Mteja wangu wa miaka yote anawasema watu kijiweni. Nimfukuze au nimvumilie?

Muuza Kahawa, Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Nauza kahawa hapa Ujiji. Jiko moja, mabirika mawili, mabenchi matatu, na kashata za karanga anazopika mke wangu. Tunaanza alasiri, tunafunga saa tatu usiku. Sheria ya kijiwe changu ni moja tu: kila mtu anasema lake. Simba na Yanga, chama tawala na wapinzani, ustadhi na mlokole, wote wanabanana benchi moja.

Sasa kuna mzee mmoja, mteja wangu tangu naanza. Nilipofiwa na mama, yeye ndiye aliyetangulia kufika, na mchele nusu gunia. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, wavuvi walishinda hapa kutwa hawana kazi, na mzee akaanza wimbo wake: Warundi na Wakongo wametumalizia dagaa. Nikamwambia mzee wangu, hata Burundi wamefunga, na Kongo, na Zambia, ndiyo makubaliano yenyewe. Akasema nimenunuliwa. Nimenunuliwa na nani mimi, na birika langu hili limetoboka mara mbili?

Ziwa likafunguliwa, dagaa wakapatikana, wimbo haukuisha. Kuna kijana anauza mkaa kwa baiskeli. Kazaliwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi kule Tabora, wazazi wake ni wale Warundi waliokuja 1972 wakapewa uraia baadaye. Akipita huegesha baiskeli kwenye mwembe, anakunywa vikombe viwili, anaendelea na safari. Mzee akimwona: "Mkimbizi kaingia, ficheni kashata." Watu wanacheka, na kijana naye anacheka.

Wiki mbili zilizopita mzee akasema, na safari hii hakuwa anacheka, kwamba siku ikifika nyumba zao tunazijua. Akanyoosha kidole kwenye uchochoro anaokaa yule kijana. Nilikuwa namimina, kahawa ikapita kikombe ikamwagikia makaa. Vijana wawili wakageuza shingo kutazama kidole kinakoelekea. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi, zile shingo mbili.

Na mzee mwenyewe ni Muha kama mimi! Sisi Waha tunajuana yanayotupata safarini. Mimi nimewahi kushushwa basini nikaimbishwa wimbo wa taifa kando ya barabara, Afrika na Tanzania, beti zote mbili, jua la saa nane, nithibitishe kwamba si Mrundi.

Nikimfukuza nimeivunja sheria yangu. Nisipomfukuza? Naomba mawazo.

Kijana wa Isevya, Tabora

Mkuu, mwache aseme. Ibara ya 18 ya Katiba haikusema uhuru wa maoni ni kwa wenye maoni mazuri. Leo unamtoa huyu kwa Warundi, kesho mwenye nguvu mtaani atakuja akuambie mtoe na yule anayemsema diwani, utakataaje wakati mlango umeshaufungua mwenyewe? Halafu anayefukuzwa hanyamazi. Anahamia kwenye benchi lisilo na mtu wa kumwambia kwamba Zambia nao walifunga.

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Kijana wa Isevya, ibara ya 18 umeisoma vizuri, ila fungua kurasa chache mbele mpaka ya 30. Pale inasema haki zako usizitumie kwa namna inayoingilia haki za wenzako.

Swali la muuza kahawa lina umri. Karl Popper, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna, aliondoka kwao 1937, mwaka mmoja kabla Hitler hajaimeza Austria. Aliandika akiwa New Zealand, kitabu kikatoka 1945. Alisema jamii ikivumilia kila kitu bila mpaka, wasiovumilia wataimaliza, na uvumilivu wenyewe utakwenda nao. Hoja yenyewe aliiweka kwenye tanbihi, nyuma kabisa, huko ambako wanafunzi wangu walikuwa hawafiki. Na wengi wanaoitaja leo wanaishia nusu ya kwanza. Nusu ya pili anasema hivi: maadamu unaweza kuwajibu kwa hoja, kuwaziba mdomo si busara. Haki ya kuwazuia unaibakiza kwa siku watakapokataa hoja na kuwafundisha wafuasi wao wajibu kwa ngumi na bastola.

Kwa hiyo muuza kahawa, mimi nisingemwangalia mzee anachukia nani. Ningeangalia anajibuje. Ulimpa hoja, akasema umenunuliwa. Hapo bado ningemvumilia, ni ubishi wa kahawa. Kidole ni habari nyingine.

Mama Dagaa, Kibirizi

Shikamoo mwalimu. Mimi baba yangu Mnyamwezi, utani nimeuona tangu sijaota meno. Watani watakuja msibani wamtukane marehemu mpaka wafiwa wacheke, lakini hao hao wanashika majembe kaburini. Na mtani akikurushia neno, unamrudishia zito zaidi. Sasa kaka yangu, yule kijana amewahi kumrudishia mzee hata neno moja? Kama kazi yake ni kucheka tu, huo si utani, anaogopa. Na je, tangu siku ya kidole, anakuja?

Dereva wa Kasulu

Niliishi Arusha miaka ile ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Desemba 2003 waliwatia hatiani Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, watu wa redio RTLM na gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 iliwafutia baadhi ya makosa na kuwapunguzia miaka, lakini haikuwaachia. Abiria wangu mmoja Mnyarwanda aliniambia ile redio ilipoanza 1993 waliipenda, ilikuwa na muziki mtamu na vichekesho kuliko redio ya serikali. Wakaizoea kwa vichekesho. Mwaka uliofuata ndiyo ikawa inataja majina ya watu, wanakojificha, hadi namba za magari.

Sisemi mzee wako ni redio. Mwandishi wa gazeti ana maelfu, mzee ana mabenchi matatu. Ila vijana wawili waligeuka.

Kijana wa Isevya, Tabora

Kidole nakubali, hicho ni kitisho, si maoni. Ila lile la "ficheni kashata"? Ni neno la kipuuzi, lakini kumfungia mtu kijiwe kwa upuuzi, hapo bado siko nanyi. Tutabaki na watu wangapi?

Muuza Kahawa, Ujiji

Nashukuru wote. Mama, swali lako limenipata. Kijana haji. Gunia la mkaa nililonunua kwake lilikuwa halijaisha, ndiyo maana sikushtuka. Nilikaa hapa nawaza nimtoe mtu au nisimtoe, kumbe kuna mtu alishatolewa zamani, na mimi nilikuwepo, namimina.

Jana asubuhi nilikwenda kwa mzee nyumbani. Sikutaka kumwaibisha mbele za watu. Nikamwambia: dagaa tuongee, Warundi tuongee, serikali tuongee, hata kijana ukimtania nitakujibu mimi mpaka naye ajifunze kukujibu. Nyumba ya mtu hapana. Ukirudia, kahawa yako nitakuletea hapa kibarazani kwako kila jioni, bure, ila benchini kwangu hukai.

Akaniuliza kama nimesahau ule mchele. Nikamwambia sijausahau.

Jioni hakuja. Kijana naye nilimpitia, mlango una kufuli, jirani anasema kaenda Ulyankulu, hajui anarudi lini. Leo nimenunua mkaa kwa mtu mwingine. Una unyevu, unatoa moshi mtupu, wateja wanahama benchi kwa benchi wakifuta macho.