MREJESHO: Ile opena ya makopo iliyokuwa inateleza
Wakuu nimerudi, niliuliza kwa nini opena yangu ya kuzungusha inateleza kwenye kopo badala ya kukata. Mliosema nicheki kile kigurudumu cha meno mlipatia, kumbe kazi yake ni kung'ata ukingo wa kopo kwa chini na kulivuta lizunguke, kile cha juu ndo kinakata, sasa meno yalikuwa yamejaa masalia ya chakula yaliyoganda mpaka hayashiki kitu. Nimeloweka maji moto na sabuni nikasugua na mswaki mkuukuu, sa hivi inakata fresh. Na yule aliyesema makopo yalipata hataza (haki ya uvumbuzi) Uingereza 1810 halafu opena zikaja miaka ya 1850, watu wanagonga patasi na nyundo muda wote huo, aisee nimecheka sana.